Bunduki ya Marehemu Ali, Kutoka Shika Adabu hadi Shanzu

Niliambiwa nipige magoti, nami nikapiga magoti kwenye maji ya samaki.

"Mikono kichwani! Mama, mikono kichwani!"

Askari watatu walinizunguka pale penye meza ya ukaguzi, kabla ya kuteremka kwenye feri upande wetu wa Likoni. Juu ya meza mkeka wangu ulikuwa umekunjuliwa nusu, na mtutu wa bunduki umechomoza. Nyuma yangu watu walikuwa wakikimbilia walikotoka. Mwenye mkokoteni wa ndizi aliuachilia, ukateremka wenyewe mpaka ukutani. Kukimbiwa si kitu. Lililoniuma ni ushungi wangu kuteremka mpaka mabegani, na sikuthubutu kuugusa.

"Hii bunduki ni ya nani?"

"Ya marehemu."

"Marehemu gani? Umeua nani?"

"Sikuua mtu, mwanangu. Mume wangu huyo, amekufa kwa sukari."

Yule aliyekuwa akiniuliza alikuwa kijana, jasho linamtiririka puani. Baadaye, tulipokuwa tumekaa tunazungumza kama watu, aliniambia kwa kinywa chake kwamba kidole kilikuwa kimeshafika pa kufyatulia, na lau ningeshusha mkono kuokota ushungi, basi. Kwa hiyo haya mnayoyasoma yameandikwa na mtu aliyenusurika kwa kuacha kichwa wazi mbele za watu.

Mmeniuliza nyote, wenzangu wa darasa la kina mama la Jumamosi, ilikuwaje. Nimechoka kumweleza kila mmoja mlangoni kwake, kisha jioni nasikia nimekamatwa na mabomu. Shule niliishia darasa la tano, lakini kuandika najua. Mambo ya fomu na picha ndogo za uso nayaruka, hayo hayana ladha. Majina ya waliohusika sitayaruka.

Nyumbani, Shika Adabu: pazia

Marehemu mume wangu, Ali Mwakulola, alikuwa na shamba la mihogo na mahindi kule nyuma. Kima na nguruwe mwitu wakila kushinda sisi. Ndiyo maana serikali ilimpa cheti cha kumiliki bunduki ya marisau, zile risasi zinazotawanyika punje punje. Kila mwaka alikwenda kukihuisha, amevaa kanzu iliyopigwa pasi utadhani aenda kuoa. Bunduki ikikaa kwenye sanduku la chuma chini ya kitanda, ufunguo shingoni mwake. Siku ya kumwosha, ufunguo ule ulivuliwa nikakabidhiwa mimi.

Nikakaa eda. Miezi minne na siku kumi, mjane hatoki, na vitu vya marehemu havitawanywi ovyo. Kanzu zake, viatu vyake, redio yake, vyote nilivifunika shuka nikasema mpaka nimalize. Na bunduki nikaihesabu miongoni mwa kanzu na viatu. Hilo ndilo kosa langu, nalisema mwanzo kabla hamjanisaidia kulisema.

Shemeji yangu Kassim Mwakulola, mdogo wake marehemu, alikuja wiki ya pili. Akakaa sebuleni, mimi chumbani, pazia katikati.

"Shemeji, ile bunduki nshakwenda kuieleza kituoni. Wewe usiiguse, wala usiitaje kwa mtu. Lakini wanataka kukiona cheti."

"Watakirudisha?"

"Wakishaandika, nakuletea."

Nikapitisha cheti chini ya pazia kwa mkono wangu huu. Sikukiona tena.

Nilipotoka eda, hata hina sijapaka, Kassim akapiga simu. Alisema bunduki ya mtu aliyekufa haifai kukaa nyumbani, na kwamba ameshazungumza na duka moja la silaha kule Shanzu. "Mwenye duka ana leseni ya serikali. Kila kitu halali. Ifunge kwenye mkeka, uvuke nayo. Ukifika Mtopanga shuka hapo kwanza, kuna mtu wangu atakupokea akupeleke."

"Mbona usije uichukue wewe?"

"Mimi nina kazi, shemeji. Na wewe ndiwe mjane. Mwenye mali ni wewe."

Maneno "leseni ya serikali" yalinitosha. Nilidhani leseni ya duka ni kama mwavuli, humkinga na anayekwenda dukani. Nikaifunga bunduki, nikatia na kopo la risasi ndani ya kikapu, juu yake mikate ya mofa. Jirani yangu Mwanaidi, ambaye mnamjua kwa kucheka, akasema atanisindikiza. Njia nzima mpaka kivukoni alinibeza: "Shoga, mkeka mzito hivyo, waenda nao matangani au waenda kumzika nao mtu?" Hakujua. Sikumwambia. Niliambiwa usiitaje, nami nikatii kama mtoto wa chuo.

Kivukoni: chumba cha feni mbovu

Baada ya magoti, tuliingizwa kwenye chumba kidogo chenye feni inayozunguka bila kutoa upepo. Mwanaidi alikuwa hacheki. Afande mwanamke, mtu wa bara, mrefu, aliketi mbele yangu akaifungua bunduki katikati, akachungulia ndani, akaona haina risasi. Hapo ndipo pumzi ilipomrudi yeye, na mimi yangu.

"Cheti kiko wapi?"

"Kituoni kwenu."

"Kituo gani?"

"Chenu cha Likoni. Shemeji yangu alileta habari na cheti."

Akapiga simu. Akangoja. Akanitazama huku anasikiliza. "Mama, hakuna mtu ameleta kitu. Hakuna jina hilo kwa kitabu. Huyo shemeji wako amekuchezea."

Lakini, wallahi, mimi ni mtu wa kuuliza, hata nikiogopa. Nikamwuliza, kwani mtu akifa cheti nacho hufa?

"Cheti ni cha mtu. Sio cha nyumba, sio cha bibi yake. Yeye akienda, wewe ukikaa na hiyo bunduki ni kama umeiokota kwa barabara."

"Na kuibeba kwenda kuiuza kwa mwenye leseni?"

"Umebeba bila cheti. Unaweza kuniambia unampelekea mwenye leseni, hata unampelekea mkuu wa polisi, bado umebeba."

"Sasa ningefanya nini?"

"Ungetuita. Tungekuja kwako tuichukue, tukupatie karatasi, ikae kwetu."

"Nilikuwa eda."

"Eda ni wapi? Ni hospitali?"

Mwanaidi akatokwa na sauti kama birika linalochemka, kicheko kimemshinda. Yule askari kijana wa jasho, ambaye kumbe ni mtoto wa Kisauni, akamweleza mkubwa wake kwa adabu: mjane wa Kiislamu hukaa ndani, hatoki ila kwa dharura, haoni wanaume ovyo. Afande akasikiliza kweli kweli. Akauliza maswali mengi kunishinda mimi: nani hukununulia chakula, ukiumwa je, kazini je. Akasema kwao mjane hunyolewa nywele. Tukabaki tunaulizana desturi, bunduki imelala mezani katikati yetu.

Kisha akaniuliza, taratibu tu: "Lakini simu ilikuwa inaingia ndani?"

Simu iliingia. Kassim alinipigia kila Ijumaa, na binti yangu wa Lungalunga kila siku. Ningeweza kupiga. Hakuna aliyenikataza ila Kassim.

Bunduki na kopo vikabaki kwao, risasi zikahesabiwa hadi ya mwisho. Mwanaidi akaandika jina lake kuwa ananijua na sitatoroka. Nikapewa siku tatu. Nikileta cheti, na nikileta mtu wa kusema kilikokuwa, nitasikilizwa. Nisipoleta, nafikishwa mahakamani kwa kukaa na silaha bila cheti, na hapo, afande alisema, hatuzungumzi faini, twazungumza miaka.

Nina miaka hamsini na mitatu. Nilihesabu nikitoka nitakuwa na mingapi, nikaacha kuhesabu.

Hadi Changamwe, nyuma ya uwanja wa ndege

Kesho yake sikutaka kuiona feri. Nikasema tuzunguke kwa ile barabara mpya ya Dongo Kundu, hata kama ni mbali. Mpwa wa Mwanaidi akatupa gari lake na dereva wake, mzee mmoja anayeendesha kama anayebeba mayai. Juu ya daraja refu gari likatoa moshi. Maji ya rejeta yamekwisha. Tukakaa kando ya barabara saa nzima na zaidi, upepo unatupeperushia mabuibui, chini yetu mikoko. Kima wakaja. Mmoja akakaa kwenye reli ya daraja akatutazama mikono magotini.

"Huyo amekuja kukushukuru," akasema Mwanaidi. "Bunduki imekamatwa, sasa mihogo ni yao."

Tukala viazi karai vya jana, tukawapa na kima. Dereva akasema tukiwazoeza hawatatuacha. Mwanaidi akamjibu, "Mjomba, wewe tia maji gari. Kima hawa angalau hawajatuambia wameshakwenda kituoni."

Tulifika Changamwe adhuhuri imeshapita. Kassim amepanga mtaa ule ulio chini ya njia ya ndege, na huko ana mke wa pili, Nzilani, mwanamke wa Kikamba ambaye ukoo wetu ulikuwa ukimtaja kwa kukunja midomo. Mimi pia. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nimeyapanga toka darajani, ya kwanza mpaka ya mwisho.

Mlango ukafunguliwa na mwanamke mfupi, kanga imefungwa kiunoni, mkononi mwiko.

"Wewe ni bibi ya marehemu Ali," akasema. "Karibu. Pole. Mimi sikuruhusiwa kuja kwa matanga."

Matusi yangu yote yakapotea njia. Tusi la kwanza lilikuwa limehusu kutokuja kwake matangani.

Akatuandalia muthokoi, mahindi yaliyotwangwa ganda likatoka, yakapikwa na maharagwe. Sikuwahi kula. Nilikuwa nadhani ni chakula kikavu. Kumbe kitamu, ukila polepole. Tukawa tunazungumza, na kila dakika chache ndege inapita juu ya bati, wote tunasimama na maneno midomoni, vikombe vinatetemeka, kisha tunaendelea pale pale tulipoachia. Wenyewe wamezoea. Nzilani anaweza kusimama katikati ya neno, akamaliza nusu yake ndege ikishapita. Nilimwuliza kama hufanya hivyo hata akigombana. Akasema, "Ndio inatusaidia. Ndege ikipita, mtu anasahau tusi."

Nikamweleza yaliyonipata kivukoni. Akaweka kijiko chini.

"Kassim yuko?" nikamwuliza.

"Ameenda jana, jioni ya ile siku yako ya feri. Alipigiwa simu, akachukua begi. Mimi aliniambia ni kazi ya..." Ndege. Tukangoja. "...Voi."

"Na cheti?"

"Kile kijitabu? Alikuwa nacho hapa tangu huo mwezi mlizika. Alikuwa anakionyesha watu. Halafu akampelekea Chengo, rafiki yake wa Mtopanga, yule alikuwa soja wa hoteli."

Nikamwuliza kwa nini ananiambia. Ni mumewe.

"Mimi pia ni bibi yake," akasema. "Kesho atanitumia mimi."

Dereva alirudi na gari, sisi tukalala kwake, Mwanaidi na mimi, kwenye godoro moja. Sikuwa nimewahi kuvuka kizingiti chake kwa miaka kumi na moja.

Mtopanga: Chengo

Mtopanga nyumba zimebanana mpaka ukikohoa jirani anakuambia pole. Tuliuliza Chengo, tukaelekezwa kwa Chengo wa makaa, kisha kwa Chengo wa kanisa, kisha kwa Chengo aliyehama. Watu walikuwa wema mno. Kila mmoja alitupeleka kwa miguu yake mwenyewe mpaka kwa Chengo asiye wetu. Saa nne tukampata: Stephen Chengo, Mgiriama, ameketi kibarazani anachambua mchunga, ile mboga chungu.

Aliponisikia jina akasimama, mboga zikamwagika.

"Wewe mama ndiye ulikuwa uje na mkeka?"

"Ndiye mimi."

"Jumatatu nilikungoja pale steji mpaka jua likawa kichwani. Nikasema labda umeghairi."

Basi nikajua kwamba "mtu wangu atakayekupokea" alikuwa huyu. Na kwamba kuuza Shanzu kulikuwa kwa mdomo tu. Nikamwuliza, ungenipokea ukanipeleka wapi?

"Kukupeleka wapi? Si ungenipa mkeka, urudi kwako?"

Mwanaidi akaanza kumpandishia sauti. Nikamzuia. Nilitaka kujua. Chengo akaeleza, jicho lake chini. Ana shamba Ganze, ndovu na nguruwe hawamwachii kitu. Aliwahi kuomba cheti chake mwenyewe, hakupata. Kassim akamwambia kuna bunduki ya kaka yake aliyekufa, ina cheti, na kwamba cheti huhama pamoja na bunduki, kama kitabu cha gari, jina hubadilishwa baadaye. Chengo akampa mbuzi wanne, cheti akapewa mkononi kama rehani.

"Na ukaamini?"

"Kilikuwa na muhuri, mama. Mimi nimelinda geti miaka ishirini. Kitu chenye muhuri nakifungulia."

Nikacheka. Kicheko cha kwanza tangu magoti. Kwa sababu mimi niliamini leseni ya duka na yeye akaamini muhuri wa marehemu, na Kassim alitujua sote wawili vilivyo. Mimi alinijua sitatoka. Chengo alimjua hatauliza.

Akaingia ndani, akatoka na Biblia, cheti kimo ndani yake, kurasa zimekibana. Picha ya Ali, kanzu imepigwa pasi. Nilikaa kidogo kibarazani. Mke wa Chengo akaleta sima na ule mchunga na samaki wa kukaanga, akanilazimisha. Chungu kweli, lakini unazoea, kisha unautaka.

"Twende nawe Likoni ukaseme haya," nikamwambia.

"Watanifunga."

"Wewe bunduki hukuigusa. Mimi nimeigusa, na naenda."

Akasema kwanza twende Shanzu, tukaulize dukani kama kweli Kassim hajafika. Kama alifika, basi labda kuna ukweli. Bado alitaka mbuzi wake wawe wamekwenda kwenye jambo la halali. Nikamwelewa. Mimi pia bado nilikuwa na tumaini la kijinga kwamba alifika.

Shanzu: mlango wa pili

Duka hilo halina kibao kikubwa. Liko kwenye barabara inayokwenda mahotelini, baina ya fundi wa mapazia na mahali pa kukodi baiskeli. Ukibisha, mlango wa kwanza unafunguliwa, ukiingia unafungwa nyuma yako ndipo wa pili unafunguliwa. Chengo alipenda sana. Alisema geti lake lilipaswa kuwa hivi. Kikapu changu kikaachwa nje, nikaambiwa hata mkate hauingii.

Mwenyewe ni Bwana Firoz, mtu wa makamo yangu, miwani kwenye kamba, Kiswahili chake cha Mji wa Kale. Akatuamkia vizuri. Nilipotaja bunduki tu akainua kiganja.

"Kabla hujaendelea, bibi. Hiyo bunduki iko wapi saa hii?"

"Kwa polisi wa Likoni."

"Alhamdulillahi. Kaeni."

Akaagiza chai ya tangawizi. Nikamwuliza, na ingekuwa nimekuja nayo ndani ya mkeka? Akasema bila kupepesa, "Ningepiga simu polisi kabla hujavua viatu. Kisha ningekupa chai hii hii."

"Lakini wewe una leseni."

"Leseni yangu ni ya kuta hizi nne, bibi. Haitoki mlangoni kumlaki mtu."

Laiti ningeyasikia maneno hayo mwezi mmoja nyuma. Nikamwomba anieleze yote, kwa utaratibu, kama anayefundisha mtoto, na akanieleza bila kuchoka. Kwanza polisi, waichukue silaha na risasi zake, utoe na cheti cha marehemu. Halafu mirathi: kadhi aandike warithi ni nani na nani anasimama kwa niaba yao, maana bunduki si ya mjane peke yake, watoto wamo, hata mama mkwe kama yu hai. Halafu wenye kusimamia vyeti vya silaha waombwe ruhusa kwa maandishi, na ruhusa ikitoka, bunduki huja kwake mkononi mwa askari. Yeye huiandika kwenye daftari lake, namba kwa namba. Na wa kuinunua lazima awe na cheti chake mwenyewe, alichopewa kwa jina lake.

"Na asiye nacho?" akauliza Chengo.

"Atanunua kufuli."

Chengo akacheka, lakini macho hayakucheka. Akauliza kama kuna njia ya mtu wa shamba la ndovu. Bwana Firoz akamwambia kuna idara ya wanyama, waende kwao, wana askari wao. Nikauliza na mtu asipotaka kuuza? Akasema basi huipeleka serikalini ikavunjwe, na wengi hufanya hivyo, na hulala usingizi. Nikauliza kama watu wengi huja kama mimi, na mikeka. Akafuta miwani.

"Wajane wawili, watatu kila mwaka. Mmoja alikuja nayo ndani ya gunia la nazi. Si kwamba wana nia mbaya. Ni kwamba aliyekuwa akijua ndiye aliyekufa, na waliobaki na habari hawasemi."

Nikamwuliza la mwisho. Kassim Mwakulola amewahi kufika hapa, au kupiga simu? Akafungua daftari la wageni, maana kila anayepita mlango wa pili huandikwa. Akapitisha kidole kurasa za miezi mitano, polepole, bila kuruka. Chengo alikuwa amesimama nyuma yangu anapumua kwa sauti.

"Hayupo, bibi."

Chengo akavaa kofia yake. "Twende Likoni," akasema.

Kurudi Likoni

Safari hii tukapanda feri. Pale Likoni, yule kijana wa Kisauni alikuwa zamu. Akaniamkia shikamoo, nikamwitikia marahaba, akaniuliza leo mna nini kikapuni, nikamwonyesha: mikate ya mofa, migumu kama matofali. Watu kwenye foleni walinitambua. Mwanamke mmoja alimvuta mtoto wake karibu.

Kituoni Chengo alieleza yote, mbuzi mpaka mchunga, hakuficha. Akatia kidole kwenye wino. Afande mrefu alisoma kauli yake mara mbili, akakiangalia cheti, akakilinganisha na namba iliyochongwa kwenye chuma. Kisha akaingia kwa mkubwa wake, akakaa huko muda wa mtu kupika ubwabwa. Mwanaidi alinishika mkono. Alikuwa ameacha kubeza tangu Shanzu.

Alipotoka alisema sitashtakiwa. Nitaitwa shahidi. Bunduki itabaki kwao mpaka kadhi aandike, nami nikapewa karatasi yenye muhuri, ambayo nimeisoma neno kwa neno kabla ya kuipokea, na kuuliza kila nisilolielewa. Kassim anatafutwa aandike kauli.

Basi yamekwisha? Juzi wazee watatu wa ukoo wamekuja nyumbani, wametumwa. Kassim yuko Voi kwa mjomba wake, mzima, anakula. Anasema alitaka kunisaidia. Anasema Idi ikifika atakuja sebuleni kwangu, anipigie magoti, tusameheane, mambo ya ukoo yaishie ndani ya ukoo, na mimi kabla ya hapo niende kituoni nikaseme nilikosea, kwamba cheti nilikipoteza mwenyewe. Mzee mmoja, Mwinyihaji Mwakulola, ambaye ni baba mdogo wa marehemu na ndiye aliyeigawa baiskeli yake kabla kaburi halijakauka, aliniambia mwanamke mwenye heshima hampeleki shemejiye polisi.

Nikamwuliza Mzee Mwinyihaji: wewe ulijua kuna bunduki nyumba ile? Akasema alijua. Ulijua cheti kimekwenda na Kassim? Akasema alisikia. Ulimwambia nani? Akaomba maji.

Kwa hiyo naandika hapa, mbele yenu nyote mnaojua kusoma, na asiyejua asomewe. Kassim Mwakulola, magoti yako siyataki. Yangu yametosha kwa wote wawili. Nataka uje kituo cha Likoni, mchana, kwa miguu yako, na Mzee Mwinyihaji akiwa pembeni yako, mkae mbele ya yule afande mrefu, na mjibu maswali mawili tu: nani alikwambia cheti cha maiti kinauzika, na yule kijana angefyatua, ni nani kati yenu angekuwa ametumwa kwenda kumwambia binti yangu?